Saa 72 katika Ghuba ya Chole: Mwanamke ajue nini baada ya tendo la ndoa

Na Mwandishi Wetu

KATIKA Ghuba ya Chole, mashariki mwa Kisiwa cha Mafia, safari hupangwa kwa maji kabla ya kupangwa kwa saa. Maji yakijaa, mashua na boti huvuka kati ya Utende, Chole, Juani na Jibondo. Yakipwa, hasa siku za bamvua, vyombo hukaa mchangani na abiria hungoja. Wakazi wa ghuba wameizoea subira hiyo, na kwa shughuli nyingi haina madhara.

Lakini yapo mambo ya afya ya mwanamke yasiyongoja maji kujaa. Mimba isiyotarajiwa inaweza kuzuiwa baada ya tendo la ndoa, ila kwa saa chache tu. Maambukizi ya Virusi vya Ukimwi (VVU) nayo yanaweza kuzuiwa, ila kwa saa zile zile chache. Mwanamke wa Jibondo au Juani anayehitaji hospitali ya wilaya hana budi kuvuka ghuba hadi Utende, kisha asafiri takribani kilomita 14 kwenda Kilindoni, upande wa pili wa kisiwa. Akianza kuulizia siku ya tatu, saa zimekwisha.

Mkazi wa Dar es Salaam mwenye duka la dawa chini ya nyumba yake asidhani kuwa habari hii haimhusu. Saa ambazo mwanamke wa kisiwani hunyang'anywa na umbali, wa mjini huweza kuzipoteza kwa aibu na uvumi. Makala haya yanaeleza lipi ni la kushughulikiwa kwa saa, lipi kwa siku, na lipi halipaswi kupuuzwa hata kama haliumi.

Dawa ya dharura ni ipi?

Uzazi wa mpango wa dharura ni njia ya kuzuia mimba inayotumiwa baada ya kujamiiana, pale kinga ilipokosekana au iliposhindwa: kondomu imepasuka, vidonge vya kila siku vimesahauliwa, sindano imepita muda wake, au mwanamke amelazimishwa.

Dawa inayojulikana zaidi Afrika Mashariki ni levonojestreli. Wengi huiita P2, jina lililotokana na Postinor-2 ya kampuni ya Gedeon Richter ya Hungaria. Dozi yake ni miligramu 1.5. Katika baadhi ya pakiti ni kidonge kimoja. Katika nyingine ni vidonge viwili vya miligramu 0.75 kila kimoja, ambavyo vinaweza kumezwa vyote kwa pamoja. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), dawa hii imo katika orodha ya dawa muhimu.

Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke katika ovari. Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano, lakini yai likishatoka huishi takribani siku moja tu. Yai likicheleweshwa, mbegu hufa kabla hazijakutana nalo.

Ndiyo sababu dawa hii si ya kutoa mimba. Mwanamke ambaye tayari ni mjamzito akiimeza, mimba yake haitoki wala mtoto hadhuriki. Ndiyo sababu pia haimsaidii mwanamke ambaye yai lake limeshatoka. Anayeitafuta P2 baada ya kuona hedhi imechelewa ameshachelewa. Anachohitaji ni kipimo cha mimba.

Kwa nini kila saa ina thamani

Mwaka 1998 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na WHO, uliowahusisha wanawake karibu 2,000 katika nchi mbalimbali. Levonojestreli ililinganishwa na njia ya zamani iliyoelezwa mwaka 1974 na daktari wa Kanada, Albert Yuzpe, inayotumia vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili.

Matokeo yalionyesha kuwa levonojestreli ilizuia takribani asilimia 85 ya mimba zilizotarajiwa kutokea, na njia ya Yuzpe asilimia 57. Lakini somo kubwa lilikuwa katika muda. Waliomeza levonojestreli ndani ya saa 24 walikingwa kwa asilimia 95. Waliomeza kati ya saa ya 25 na ya 48, asilimia 85. Waliongoja hadi kati ya saa ya 49 na ya 72, asilimia 58.

Kwa hiyo saa 72 zinazotajwa na wengi si ruhusa ya kungoja. WHO inaeleza kuwa dawa inaweza kutolewa hadi saa 120, yaani siku tano, lakini nguvu yake hupungua kadiri muda unavyopita.

Tuchukue mfano. Kondomu imepasuka Ijumaa saa 4 usiku. Saa 24 zinakwisha Jumamosi saa 4 usiku. Saa 72 zinakwisha Jumatatu saa 4 usiku. Saa 120 zinakwisha Jumatano saa 4 usiku. Anayesema "nitakwenda kliniki Jumatatu" ameuacha muda ulio bora upite katika mapumziko ya mwisho wa wiki. Kwa mkazi wa ghuba, chombo cha kwanza cha Jumamosi asubuhi ndicho cha kupanda.

Namna ya kuitumia

Dawa humezwa mara moja, kwa maji, na haihitaji kipimo cha mwili kabla ya kutumiwa. Anayenyonyesha anaweza kuitumia. Akitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, anapaswa kurudia dozi.

Baadhi ya wanawake hupata kichefuchefu, kichwa kuuma, uchovu, matiti kujaa au matone ya damu. Hali hizo hupita zenyewe. Hedhi inayofuata inaweza kuwahi au kuchelewa kwa siku chache. Ikichelewa kwa zaidi ya wiki moja, au wiki tatu zikipita tangu tendo na hedhi haijaonekana, mwanamke apime mimba. Maumivu makali ya chini ya tumbo, hasa ya upande mmoja, yakiambatana na kizunguzungu au kuzirai, yanaweza kuwa dalili ya mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hiyo ni dharura ya hospitali, si ya kulala na kungoja kupambazuke.

Wapo wanaohitaji kumweleza mhudumu zaidi kabla ya kupewa dawa. Rifampisini inayotibu kifua kikuu, baadhi ya dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, na efavirenzi katika dawa za VVU, hupunguza nguvu ya levonojestreli. Uzito mkubwa wa mwili nao unaweza kuipunguza. Mhudumu akijua, anaweza kuongeza dozi au kupendekeza njia nyingine.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kuwa dawa hii haimlindi mwanamke kwa tendo linalofuata. Aliyemeza Jumamosi na kukutana na mume wake Jumapili bila kinga yuko hatarini tena, pengine zaidi, kwa kuwa yai lililocheleweshwa linaweza kutoka siku chache baadaye. Baada ya levonojestreli, vidonge vya kila siku, sindano au vipandikizi vinaweza kuanzishwa siku hiyo hiyo, na kondomu itumike kwa siku saba za mwanzo.

P2 isipopatikana

Njia yenye nguvu kuliko zote ni kitanzi cha madini ya shaba, ambacho wengi hukiita lupu. Kikiwekwa na mtaalamu ndani ya siku tano baada ya tendo, huzuia zaidi ya asilimia 99 ya mimba, na kinaweza kubaki kuwa kinga kwa miaka 10 au zaidi. Hakitegemei uzito wala dawa nyingine anazotumia mwanamke. Kinahitaji mhudumu aliyefunzwa na vifaa safi, hivyo ni vyema kuuliza mapema ni kituo gani kinatoa huduma hiyo.

Ipo pia dawa ya ulipristali, miligramu 30, ambayo nguvu yake hudumu vizuri zaidi hadi saa 120. Si ya kawaida katika zahanati za vijijini. Anayeipata angoje siku tano kabla ya kuanza njia nyingine ya homoni, kwa sababu huingiliana nayo.

Pale ambapo hakuna chochote kati ya hivyo, njia ya Yuzpe ingali msaada, kwa kuwa vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango huwa karibu zaidi. Kwa vidonge vyenye mikrogramu 30 za etinili estradioli na miligramu 0.15 za levonojestreli, humezwa vinne haraka iwezekanavyo na vinne vingine baada ya saa 12. Vidonge vya kahawia vilivyomo katika baadhi ya pakiti ni vya madini ya chuma. Havizuii mimba na havihesabiwi. Kichefuchefu ni kikubwa zaidi kwa njia hii. Kwa kuwa pakiti hutofautiana, mhudumu wa zahanati ndiye wa kuthibitisha dozi.

Uvumi unaopoteza muda

Uvumi wa kwanza ni kwamba P2 huleta utasa. Si kweli. Dawa hutoka mwilini baada ya muda mfupi, na mwanamke anaweza kushika mimba mwezi huo huo.

Wa pili ni kwamba ukiitumia mara mbili maishani umejiua. Kuitumia zaidi ya mara moja hakuleti sumu mwilini. Tatizo ni jingine: kwa anayekutana na mwenzake mara kwa mara, dawa ya dharura inakinga kidogo kuliko njia za kudumu, na huvuruga mpangilio wa hedhi. Anayeihitaji kila mwezi hana dharura tena. Anahitaji njia ya kila siku au ya muda mrefu.

Wa tatu ni kwamba kujiosha haraka kwa maji ya chumvi, ndimu au sabuni huondoa mbegu. Mbegu hupita mlango wa kizazi ndani ya dakika chache. Hakuna ndoo ya maji inayozifikia.

Uzito wa uvumi huu unaonekana katika takwimu za nchi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba, kutoka asilimia 27 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya mimba wataruhusiwa kurejea shuleni. Huo ni mlango uliofunguliwa baada ya jambo kutokea. Saa 72 ni mlango wa kabla.

Aliyelazimishwa asingoje

Kwa mwanamke au msichana aliyebakwa, saa zina kazi mbili. Mbali na dawa ya kuzuia mimba, anahitaji dawa za kuzuia VVU, zinazojulikana hospitalini kwa jina la PEP. Ni lazima zianze ndani ya saa 72, na ni bora zaidi zikianza siku hiyo hiyo, kisha zitumiwe kwa siku 28 bila kukatiza. Hupewa pia matibabu ya kukinga magonjwa mengine ya zinaa.

Ikiwezekana, asioge kabla ya kuonwa na daktari, na nguo alizovaa ziwekwe katika mfuko wa karatasi au kitambaa, si wa nailoni. Fomu namba 3 ya polisi, yaani PF3, ni muhimu kwa kesi, lakini matibabu ya dharura hayapaswi kuingojea. Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi hupokea mashauri haya, na baadhi ya hospitali nchini zina Vituo vya Mkono kwa Mkono vinavyotoa tiba, ushauri na msaada wa kisheria mahali pamoja. Kwa mtoto, simu namba 116 hupigwa bila malipo.

Mtu aliyekutana kwa hiari na mwenzake ambaye ana VVU, au ambaye hali yake haijulikani, anaweza pia kuulizia PEP. P2 haikingi VVU, kaswende wala kisonono.

Mambo ya siku: mkojo na ute

Kuna matatizo yasiyohesabiwa kwa saa, lakini yasiyofaa kulimbikizwa kwa wiki. La kwanza ni mkojo kuunguza siku moja au mbili baada ya tendo, pamoja na kwenda haja ndogo kila mara. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, takribani sentimita nne, na bakteria wa njia ya haja kubwa husukumwa kwa urahisi kuelekea kwenye kibofu. Haya ni maambukizi ya njia ya mkojo, maarufu kama UTI, na si ushahidi kwamba mume ametoka nje ya ndoa. Kunywa maji ya kutosha na kukojoa baada ya tendo husaidia kinga. Dalili zikiendelea, mkojo upimwe. Homa, maumivu ya mbavuni au ujauzito ni sababu ya kwenda kituoni siku hiyo hiyo.

La pili ni mabadiliko ya ute ukeni. Ute mweupe au usio na rangi, usio na harufu kali wala muwasho, ni wa kawaida. Ute mzito kama maziwa ya mgando, wenye muwasho, aghalabu ni fangasi. Ute mwepesi wa kijivu wenye shombo la samaki, linalozidi baada ya tendo, huashiria kuvurugika kwa bakteria wa kawaida wa ukeni. Ute wa njano au kijani, maumivu ya nyonga au vidonda vinaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa zinaa. Hapo mwanamke na mwenzake hutibiwa pamoja, la sivyo ugonjwa huzunguka baina yao.

Tiba za hali hizi hazifanani. Kununua antibayotiki yoyote dukani huweza kuua bakteria walinzi na kuzidisha fangasi.

Kadhalika, uke hujisafisha wenyewe. Sabuni, dawa za kuua vijidudu, ndimu na shabu vinavyoingizwa ndani ili kukausha au kubana huondoa walinzi hao na kuchubua ngozi, na ngozi iliyochubuka hupitisha VVU kwa urahisi zaidi. Maji safi kwa sehemu ya nje yanatosha. Makungwi na masomo, ambao neno lao husikika kwa wasichana wa pwani kuliko la daktari, wanaweza kuokoa wengi kwa kulifundisha hili.

Damu isiyo ya hedhi

Kutokwa damu baada ya tendo, kwa mwanamke ambaye si mara yake ya kwanza, si jambo la kuzoea. Sababu inaweza kuwa ndogo, kama ukavu, uvimbe mdogo au maambukizi ya mlango wa kizazi. Lakini hii ni miongoni mwa dalili za mwanzo za saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mwanamke aliyekoma hedhi anayeona damu, hata tone, aende kupimwa.

Uchunguzi wa kupaka siki maalumu katika mlango wa kizazi ni wa dakika chache, na mabadiliko yakionekana mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani. Chanjo ya kirusi cha HPV kinachosababisha saratani hiyo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Aliyekulia maeneo yenye kichocho cha mkojo, yakiwamo ya pwani na Zanzibar, amtajie daktari. Mayai ya minyoo hiyo yanaweza kukaa katika mlango wa kizazi na kuleta damu na maumivu. Kichocho huambukizwa katika maji baridi ya madimbwi na vijito, si baharini, na hutibiwa kwa prazikwanteli.

Maandalizi kabla ya dharura

Sensa ya mwaka 2022 iliihesabia Wilaya ya Mafia wakazi zaidi ya 66,000, wengine wao wakiishi katika visiwa vidogo vya ghuba. Kwao, dawa iliyoko Kilindoni wakati maji yamekupwa ni kama haipo. Kidonge hiki ni kidogo, hakihitaji jokofu wala mtaalamu wa upasuaji, na kinaweza kukaa katika kabati la zahanati ya kisiwa hadi tarehe yake ya mwisho. Kinachotakiwa ni kisikosekane, na anayekiuliza asihojiwe kana kwamba ametenda kosa.

Usiri nao ni sehemu ya tiba. Kisiwani kila mtu anamjua mwenzake, na muuguzi huenda akawa jirani au shangazi. Binti akijua kwamba aliyoyasema yataishia chumbani kwa muuguzi, atakwenda siku ya kwanza. Akihofu yatafika gatini kabla yake, atakwenda siku ya nne.

Mwanamke naye anaweza kujiandaa: ajue mapema ni zahanati au duka gani lililo karibu lina dawa ya dharura, lupu huwekwa wapi, na chombo huondoka saa ngapi. Aangalie pakiti ina muhuri na tarehe haijapita. Anayeishi mbali na huduma anaweza kumwomba mhudumu dozi moja ya kuweka nyumbani. Mume naye ana sehemu yake: nauli ya boti ya asubuhi ni jukumu la wawili. Maji ya ghuba yatajaa tena baada ya saa sita. Saa zilizopotea hazirudi.